Nilimwambia Baba Mkwe Kwamba Macho Yake Ndiyo Mabovu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, na tafadhali usinicheke. Mume wangu anafanya kazi mbali, hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tupo wawili, mimi na baba mkwe, fundi saa mstaafu ambaye majirani bado humletea saa zao, naye huzitengeneza sebuleni kando ya tangi lake la samaki wa maji ya chumvi, lenye mawe, matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa anaowasalimia kila asubuhi kabla hajanisalimia mimi. Wiki tatu zilizopita alikwenda kwa dada yake siku mbili, nami nikaona mawe yameota utando wa kahawia, nikasema ngoja nimfurahishe mzee, nikayatoa yote nikayasugua kwa brashi chini ya bomba, na sponji ya chujio nikaikamua kwa maji ya moto hadi ikawa kama mpya, nikajisifu. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Kila asubuhi kabla hajaamka nabadilisha nusu ya maji, jioni yamerudi vilevile, nimetia dawa ya dukani chupa nzima, nimewaongezea samaki chakula nikidhani wamedhoofu, wapi! Sasa matumbawe yamejikunja na samaki wanahema juu juu.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Siku ile maji yalipoanza kuwa meupe aliniuliza, "Mwanangu, mbona tangi lina ukungu?" nami kwa woga nikamjibu, "Ukungu gani, Baba? Mimi naona safi tu, labda macho." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akatazama tena. Tangu hapo kila siku anauliza na kila siku najibu hivyohivyo. Sasa anasema hata saa anaziona zina ukungu, juzi amewarudishia majirani saa zao bila kuzigusa, na jana amenikabidhi kisanduku chake cha vifaa, akasema, "Mpe mtu anayeona." Mume wangu amemtafutia daktari wa macho Alhamisi. Mimi nilipanga maji yasafike kwanza, halafu nimwambie macho yamepona. Nikisema ukweli atanichukia, na baba mwingine sina. Nifanyeje?

Mkamwana mwenye hofu

*

Binti yangu, sikukucheka, ingawa pale kwenye brashi nilishika kichwa. Nimemuuliza mfugaji mmoja wa samaki wa mapambo, naye kabla ya yote akataka kujua kama brashi umeshaiweka chini.

Ule utando na ile sponji uliyoiona chafu vilikuwa makao ya bakteria wadogo wanaokula uchafu wa samaki. Umewafukuza, wamekuja wengine wasio na adabu, na weupe unaouona ni wao. Chakula unachomwaga wanakila wao, na kila ukivuruga maji unawasaidia. Basi toa mkono wako humo! Leo hii weka pampu ya hewa, maana wanamaliza hewa ya samaki, ndiyo sababu wanahema. Siku mbili usiwalishe, kisha uwape chembe chache. Dawa acha kabisa. Peleka kikombe cha maji dukani yapimwe. Wakikuambia sumu itokanayo na uchafu wa samaki imepanda, badilisha kidogo tu, si nusu. Yatasafika yenyewe, kwa wakati wake, wala hayaijui Alhamisi yako.

Sasa tuje kwa mzee. Kuharibu tangi ni bahati mbaya, hata mimi ningeharibu. Lakini kumwambia fundi saa kwamba haoni, kila siku, huku unamwona anafuta miwani, hapo sina neno la kukutetea. Nakuonea huruma, najua hofu ilianza ndogo, ila aliyefungasha vifaa vyake ni yeye.

Kwa daktari aende, umri wake unastahili kupimwa, lakini asiende kwa uongo wako. Kaa naye mbele ya tangi, mrudishie kisanduku mkononi, umwambie: "Baba, maji ni meupe. Nimeyaona tangu siku ya kwanza." Usijitetee wala usikimbilie jikoni. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Huenda akakununia wiki nzima.

Na umwambie leo, maji yangali meupe. Yakisafika kabla hujasema, atashukuru kwamba macho yamemrudia, atakukumbatia kwa furaha, nawe hutapata tena mdomo wa kumwambia.