Honi Tatu za Kwenye Kona

Ndani ya gari, foleni ya ghala,
Jumanne, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi yako? Goti linaendeleaje? Na wale wazee unaowatunza, wametulia, au yule babu bado anaficha meno yake ya bandia kwenye viatu vya wenzake? Nilicheka niliposoma hayo. Au niseme nilijua kwamba hapo ni pa kucheka. Siku hizi mambo yananifikia hivyo, kwa kuchelewa, kama mizigo ya kampuni yetu.

Mimi ni mzima. Mgongo unauma na mguu wa kushoto unaingia ganzi, lakini dereva yeyote hapa ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo, kwa hiyo tumekubaliana kuuita uzima. Soksi ulizotuma zilifika. Ninazo miguuni sasa hivi. Asante sana, Mungu akujazie pale ulipopunguza.

Swali lako nimeliona. Umeuliza mara mbili, na mara ya pili kwa herufi kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi: mama bado ananijua, au nimeshachelewa? Nitakujibu, dada. Usinikimbize tu, nimezoea mwendo wa kampuni.

Niko kwenye foleni ya kushusha mzigo. Nilifika asubuhi, nikapewa namba, nikaambiwa nisiende mbali na gari maana nitaitwa wakati wowote. Hilo "wakati wowote" kazi yake ni moja, kumzuia mtu asiende chooni. Choo chenyewe kipo, kimeandikwa wafanyakazi tu, na dereva si mfanyakazi wa ghala, basi unabana. Mbele yangu magari meupe yenye mstari wa bluu, nyuma yangu magari meupe yenye mstari wa bluu. Juzi nilishuka kujinyoosha, nikarudi, nikapanda, nikafunga mlango, ndipo nikaona kofia ya mtu imening'inia. Kumbe nimepanda la mwenzangu. Mwenyewe alikuwa amelala kitanda cha nyuma, wala hakushtuka. Alisema, "Kama una haraka, liendeshe tu."

Zamani haikuwa hivi. Kila dereva alikuwa na gari lake. Unalikumbuka langu, lile lenye honi iliyomfanya fundi pancha wa jirani aangushe nyundo yake mguuni. Sasa kampuni imekua, magari ni mengi kuliko heshima. Unapewa ufunguo wowote ulio juu ya meza, unaendesha, unarudisha. Unakalia kiti chenye joto la mtu mwingine. Na honi zote zina sauti moja.

Halafu kuna Mama Mkwe. Usishtuke, simsemi mama wa wifi yako, yule ni mtu wa watu. Ni kamera iliyo juu ya kioo, inanitazama mimi, haitazami barabara. Tumeiita hivyo kwa sababu hailali na kila kitu inakipeleka kwa wakubwa. Ukipiga miayo, inalia. Ukigeuza shingo, inalia. Siku moja niliimba, ikalia, eti nimefumba macho. Dada, wewe unajua nilivyokuwa naimba mpaka mnanifungia nje. Sasa naendesha uso umekaa hivi hivi, na mara ya mwisho nilipopata siku ya kulala nyumbani, miezi mingi nyuma, ulibaki hivyo hivyo. Wifi yako aliniuliza nimemkasirikia nini. Sikuwa nimekasirika. Sikuwa na chochote.

Na mpanga safari wetu, yule tunayemwita Bado Kidogo. Ndilo jibu lake kwa kila jambo. Kiyoyozi kimekufa? Bado kidogo. Likizo? Bado kidogo. Simchukii, mgala muue na haki yake mpe, naye ana bosi anayemjibu vilevile.

Haya, sasa mama.

Kibaraza chetu kinatazama barabara kuu pale kwenye kona, na barabara hiyo ndiyo njia yangu. Kwa hiyo kila wiki napita mlangoni kwangu, na siruhusiwi kusimama. Gari likisimama mahali pasipopangwa, ofisi inajua kabla hujavuta handibreki. Ukikosea kwa hilo unatolewa njia hii, unatupwa ya kusini, ambako hata kupita kwenu hupiti tena. Basi tangu nilipoanza kazi tulipatana na mama. Nikikaribia napiga honi tatu, yeye ananyanyuka kwenye benchi na kunipungia, nami nainua mkono. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalitutosha.

Nilipopokonywa gari langu, honi yake ikapotea. Wifi yako alimweleza. Mama akasema sawa, amesikia. Kisha akaanza kulipungia kila gari jeupe lenye mstari wa bluu. Mwanzoni tulicheka. Alimwambia fundi pancha kwamba kijana wake anajituma kwelikweli, leo tu amepita mara tisa.

Sikujua jambo hilo limefika wapi mpaka siku moja kwenye foleni kama hii, Kofia, yule niliyepanda gari lake, akaanza kusimulia. "Kuna bibi mmoja pale konani, ananipungia kama mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake. Na anaonyesha vidole vitatu. Usipopiga honi tatu, ananuna!" Wengine wakadakia, hata wao anawapungia, hata wao wanapiga. Sikusema kwamba huyo ni mama yangu. Usidhani niliona aibu. Neno halikuja tu.

Ndipo barua yako ya kwanza ikafika, ukaniambia nichukue likizo upesi, maana unawaona wazee wako huko, leo linapotea jina, kesho inapotea sura. Nikaomba. Nilichojibiwa unakijua. Ikaja ya pili, na herufi zako kubwa.

Basi wiki iliyopita nilisimama. Sikupanga. Ilikuwa mchana kweupe, gari limejaa, nikafika kwenye kona nikamwona amekwisha kunyanyuka, mkono juu, kabla hata sijagusa honi. Mguu ukakanyaga breki wenyewe. Mama Mkwe akaanza kupiga kelele. Tableti ya safari ikaniuliza sababu ya kusimama, nichague: tairi, ajali, askari, hitilafu. Mama hayumo. Nikabonyeza hitilafu, nikashuka, nikavuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Sauti ileile, dada. Akanitazama vizuri, kwa upole, kama anavyomtazama mgeni yeyote. Nikangoja. Nikamwambia, "Mama, ni mimi."

"Ndiyo, baba, karibu. Ila sogea kidogo, unaniziba. Mwanangu anapita sasa hivi."

Wewe uliniandikia kwamba wazee wakifika hapo hawabishiwi. Sikumbishia. Nilisogea. Wifi yako alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa mkono. Nikarudi garini, nikawasha, nikapiga honi tatu.

Mama akaruka pale kwenye benchi kama msichana. Akanipungia kwa mikono miwili, anacheka, anamwita wifi yako aje aone. Nilimsoma midomo: huyo, huyo, anapita! Nikainua mkono. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni mpaka kona ikamficha. Machozi yalinitoka, lakini sikuyasikia yakitoka. Nilijua kwa sababu barabara ilikuwa haionekani, na Mama Mkwe alikuwa analia.

Jibu lako basi ni hilo. Mama ananijua nikiwa ndani ya gari. Nikishuka, mimi ni mtu anayemziba.

Niliitwa ofisini, nikajua ndiyo kwaheri. Bado Kidogo akauliza ilikuwa hitilafu gani. Nilichoka kutunga, nikamwambia. Akaacha kuandika. "Yule bibi wa konani ni mama yako wewe?" Loo, kumbe hata yeye anamjua, madereva wamemsimulia mpaka ofisini. Akafungua kalenda yake, akanipa likizo kuanzia Ijumaa. Onyo ameniandikia vilevile. Kazi ni kazi.

Ulishauri niache kazi kabisa nikakae naye. Nimelifikiria sana, kama bado najua kufikiria. Nikiacha, nani atapita? Halafu nakumbuka kwamba watapita wote, na wote ni mimi. Hilo lilipaswa kuniuma zaidi kuliko linavyoniuma. Wenzangu sasa nimewaambia. Hakuna aliyecheka. Kofia alisema tu, "Usijali, tutapita."

Uamuzi sijaufanya. Tuzungumze ukipiga simu, na safari hii usilie kabla sijasema haloo.

Namba yangu inaitwa, lazima niwashe gari. Msalimie sana shemeji na wapwa zangu, waambie mjomba wao bado ni mrefu. Wifi yako anakusalimu, wanangu wanamsalimu shangazi yao, na fundi pancha naye anakuulizia, mguu wake ulishapona. Mungu akutunze kama unavyowatunza mama za watu.

Ijumaa nikifika nitachukua kigoda, nikae kando yake, upande ambao simzibi. Sitamwambia mimi ni nani. Tutakaa wawili tukimsubiri mwanawe apite, na akipita, nitampungia na mimi.

Ni mdogo wako anayekupenda, hata asipoonyesha,

Mziwanda wenu