Kiapo cha Maili Ishirini

Kibiti, 12 Julai 1954

Mpwa wangu Tamimu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mohoro, na uvimbe wa goti uwe umeshuka. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mola. Mama yako kifua kinamsumbua alfajiri tu, jua likipanda anakwenda zake shamba. Anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Juzi uliondoka mbio kuwahi pantoni ya Ndundu hata hatukuzungumza vizuri. Nilipoifungua shingo ya pikipiki yako, pale usukani unapogeukia, nilikuta vile vibakuli zinamolalia gololi vimeingia vishimo, kila gololi imejichimbia mahali pake. Ndiyo maana usukani ulikuwa ukinasa katikati. Wewe unataka kukata kona kwenye mchanga wa Mahege, wenyewe unataka kwenda mbele. Basi kuanguka kwako hakukuwa jicho la mtu, kama anavyosema dada yangu, mama yako. Vibakuli vipya Nanji hana dukani, ameagiza Dar es Salaam. Hivi vya zamani nimevizungusha robo duara ili gololi zipate mahali pasipo na shimo, nikajaza grisi. Ni dawa ya kungojea tu hiyo, pikipiki haijapona.

Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali, weka sanduku chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie. Geuza usukani taratibu huku na huku. Ukinasa katikati, ni vishimo. Kisha shika ile miguu ya mbele inayobeba gurudumu, vuta na sukuma. Ikigonga, nati ya shingo imelegea. Ikaze kidogo, kidogo tu, usukani uweze kulala upande wenyewe ukiuachia.

La pili ni kiapo. Umeweka mkono juu ya msahafu mbele ya mama yako kwamba hutazidi maili ishirini kwa saa, kama ubao wa barabarani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, unavyosema, na mimi nilikuwa shahidi. Najua tarishi wa zahanati kazi yake ni kufikisha dawa. Lakini amri ya mkubwa na kiapo kwa mzazi vimekutana mahali pamoja, unataka nini tena? Nenda taratibu, baba. Tangu siku ile mama yako analala usingizi, nami nalala kwa kuwa yeye kalala.

Mjomba wako,
Swalehe


Mohoro, 19 Agosti 1954

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mshikie na Mama miguu kwa niaba yangu. Mimi mzima, goti limepona, na mwambie nakula. Wali wa huku haunishindi, ila samaki wana miba kuliko nyama.

Kiapo nimekishika. Sasa nikueleze kinavyonitenda. Kutoka Ikwiriri hadi Ndundu, na ukivuka mto hadi huku, jua limeifanya barabara mistari mistari kama bati la paa. Zamani nilikuwa nikiipita kwa maili thelathini na tano, gurudumu linagusa vichwa vya ile mistari tu, pikipiki imetulia hata unaweza kusoma kasida. Kwa ishirini linashuka katika kila shimo na kupanda kila tuta. Meno yanagongana. Taa ya nyuma imeshaanguka sijui wapi. Ile shingo uliyoifunga imelegea kabla ya Ijumaa ya pili. Nimeikaza, imelegea tena.

Malori yenyewe hayautazami ubao. Matanboi juu ya mizigo wananipigia makofi wakinipita, kisha vumbi lote langu. Watu wa pantoni wamenipa jina, Bibi Harusi. Juzi nimefika ukingoni pantoni iko katikati ya mto, ndiyo ya mwisho, na Abdala mvuta kamba akapaza sauti, "Bibi Harusi, sisi tulidhani umerudishwa kwenu. Kaa hapo, kesho tutakuja kukuchukua na ngoma." Nikalala pale na mbu.

Kuchekwa navumilia. Tatizo ni ile dawa ya kuchanjia ndui. Unajua naitoa kwenye friji ya Nanji na kuitia katika sanduku la barafu. Usiku ule barafu ikawa maji, na Dresa Khamisi, mganga wetu wa zahanati, ikambidi aimwage dawa yote. Kina mama walikuwa wamekwisha fika na watoto wao kwa mitumbwi kutoka visiwa vya delta, akawaambia warudi, waje siku nyingine. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nifanyeje, Mjomba?

Mpwa wako,
Tamimu


Kibiti, 6 Septemba 1954

Mpwa wangu Tamimu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa Nanji. Tumefurahi kwa uzima wako. Mama yako amevuna ufuta, si haba.

Nimeisoma habari ya bati na nimeifikiria. Naona unakaza nati kupita kiasi. Ukiikaza sana gololi zinabanwa, zinakula vibakuli, kisha nafasi inaongezeka na unadhani imelegea. Halafu grisi. Umeitia grisi, au yale mafuta ya nazi ya kupaka nywele niliyoyaona kwenye sanduku lako? Kitu kinachotembezwa taratibu hakiwezi kuharibika kuliko kinachokimbizwa, hilo hata mtoto analijua. Kama ni pantoni, ondoka mapema zaidi. Swali alfajiri yako na uwashe.

Vibakuli bado havijafika. Nanji anasema vimo melini, na mimi namwambia meli hiyo inakwenda kwa maili ishirini.

Jina la Bibi Harusi usilichukie. Bibi harusi hufika mzima.

Mjomba wako,
Swalehe


Mohoro, 21 Oktoba 1954

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeanguka tena, karibu na Ikwiriri. Nilikuwa nakwepa mbuzi, usukani ukanasa katikati ukakataa kugeuka. Mshale wa mwendo ulikuwa kwenye ishirini, au chini kidogo. Mbuzi hakupata kitu. Mimi mkono wa kushoto umeteguka, Dresa ameufunga. Pikipiki naituma kwako juu ya lori.

Dresa anasema mkubwa wake amemwandikia: dawa ikiharibika tena njiani, pikipiki apewe mtu mwingine. Namwonea haya.

Kiapo sikukivunja. Mama usimwambie habari ya mkono.

Mpwa wako,
Tamimu


Kibiti, 15 Novemba 1954

Mpwa wangu Tamimu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mkono unaendeleaje? Uchue kwa mafuta ya moto kabla ya kulala. Maulidi tumeyasoma salama, na pahala pako palionekana wazi.

Ulipoichukua pikipiki Ndundu, Abdala hakukwambia aliyeileta, maana nilimwomba asiseme. Niliileta mimi. Vibakuli vipya vilifika, nikavitia pamoja na gololi mpya. Lori la kuipakia halikuwapo, na dawa yako ilikuwa imeshaingia kwa Nanji ikikungoja uje kuichukua, nikasema basi naipanda mwenyewe. Unanijua, miaka yote hii nazijaribu hapa sokoni tu, nazunguka duka la Nanji narudi. Safari sijapata kwenda.

Nikakunja kanzu, nikasema bismillahi, nikashika ishirini, jicho kwenye mshale. Kabla ya kufika Ikwiriri mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikasimama, nikaishika ile miguu ya mbele. Inagonga. Shingo niliyoifunga mwenyewe asubuhi ile, kila kitu kipya, grisi mpya, nati sikuibana. Nilikaa chini kando ya barabara kwa muda.

Nikaikaza, nikaondoka, nikawa napandisha kidogo kidogo. Ishirini na tano ilitetemeka kuliko kwanza. Thelathini ikaanza kupungua. Thelathini na tano, Tamimu, imetulia. Nasikia injini peke yake. Nikaenda hivyo hivyo mpaka Ndundu, nikashika tena miguu ya mbele, haikugonga. Uliniambia mwezi wa nane, nami nikakujibu habari ya mafuta ya nywele.

Abdala aliponiona nashuka akasema, "Mzee Swalehe, kumbe bibi harusi ana mjomba mwenye haraka."

Niliporudi nilimwendea Maalim Sadala baada ya alasiri nikamweleza yote. Akasema mtu akiapa, kisha akaona lililo jema kuliko kiapo chake, alifanye lile jema na atoe kafara, alishe masikini kumi. Na katika madhehebu yetu chakula unaweza kukitanguliza kabla kiapo hakijavunjwa. Nikamuuliza, na amri ya Bwana Shauri kafara yake nini? Akacheka, akasema, "Hiyo kaulize bomani Utete."

Likabaki la mama yako. Ilinipasa nimweleze na habari ya mkono.

"Kwa hiyo mmenificha mkono wa mwanangu tangu mwezi wa kumi," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na aliteguka anakwenda taratibu?"

"Taratibu kuliko wote barabarani."

Akaendelea kupeta mchele wake mpaka nikadhani ameshamaliza na mimi. Kisha akasema, "Mimi maili sizijui, Swalehe. Nilimwambia mwanangu aape atakwenda salama. Wewe ndiye uliyemtilia maili mdomoni."

Ni kweli. Ishirini niliitaja mimi, kwa kuwa niliisoma ubaoni.

Ijumaa alipika mwenyewe, wali wa mpunga wake na kuku wawili, na masikini kumi wakala barazani petu. Bi Sijaona, yule kipofu wa nyuma ya msikiti, akauliza dua aielekeze kwa nani. Mama yako akamwambia, "Niombee mwanangu aende mbio." Wakacheka, lakini amina waliitikia wote.

Basi kiapo hakiko tena. Penye bati, pita unavyojua. Penye mchanga na penye watu, pole kama zamani, na hilo ninakuomba, sikuapishi. Ubao wa serikali uko palepale, na juu ya huo sina la kukwambia. Wewe mtu mzima, angalia mwenyewe.

Mjomba wako,
Swalehe


Mohoro, 27 Novemba 1954

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake, na ahsante yake sijui niiseme vipi. Mkono umepona, nakunja vidole vyote.

Jumanne nilitoa dawa kwa Nanji asubuhi. Kijijini nilikwenda pole, mchangani pole, penye bati nikaifungulia. Pantoni niliikuta ukingoni, Abdala akashika kamba yake. Nikavuka. Nilipofika zahanati Dresa Khamisi akafungua sanduku, barafu bado inagongana ndani. Akaniangalia, kisha akamtuma mtu akawaite kina mama waliokwisha fika kwa mitumbwi. Watoto walichanjwa siku ileile, wengi mpaka wakatandikiwa mikeka nje. Kelele zao zilifika sokoni.

Sasa upande wa pili. Kabla ya kuingia Mohoro gari lilikuwa nyuma yangu, mimi nikadhani ni mfanyabiashara. Kumbe ni Bwana wa Barabara, yule Mzungu anayezisimamia, alikuwa akinifuata akisoma mshale wake mwenyewe. Akanisimamisha, akasema nilikuwa thelathini na sita. Yeye alikuwa akienda ngapi sikumuuliza. Ameandika jina langu na nambari ya pikipiki.

Nimeitwa bomani Utete, Jumatatu tarehe 13 Desemba. Askari ananiambia wanaweza kuninyang'anya leseni, na bila leseni kazi hii sina. Dresa anasema atanipa barua nzuri, lakini barua ya dresa mbele ya neno la Mzungu sijui itafika wapi. Nitasema kweli, nilikwenda mbio, na kwa nini. Sijui kama watanielewa. Hata wewe, Mjomba, ilikubidi upande.

Pikipiki imeshikwa na polisi. Niliwaomba nikaikague kabla hawajaifungia, wakanikubalia. Shingo nzima, haigongi.

Mpwa wako,
Tamimu


Kibiti, 8 Desemba 1954

Mpwa wangu Tamimu,

Waalaykum salaam. Barua imefika, tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu mama yako alitaka tena pale penye kelele za watoto.

Usiende mbele ya hakimu peke yako. Nakuja. Nitamwambia kwamba mwezi uliopita mimi Swalehe, fundi wa Kibiti, nilikwenda thelathini na tano kwenye barabara hiyo kwa pikipiki hiyohiyo, na kabla ya hapo nilikwenda ishirini nikaona lililotokea. Wakitaka kuniandika na mimi, waniandike, leseni ninayo ya kunyang'anywa. Vile vibakuli vya zamani nimevifunga kwenye kitambaa. Asiyejua ishirini inafanya nini juu ya bati, atie kidole katika vishimo vilivyoongezeka tangu kiapo, ahesabu. Bwana wa Barabara naye akiwapo, nitampa avishike, kwa heshima. Labda atakumbuka kuipitisha greda.

Maalim Sadala anatusomea. Mama yako anakuja nami, na usiandike kumkataza, umechelewa. Mkate wa kumimina ameshaufunga.

Tutapanda lori la Nanji Jumapili baada ya alfajiri. Nakuonya tu kwamba dereva ni mpya, ana hofu kubwa ya ule ubao, na ametuambia hatapita ishirini hata kwa dawa. Pantoni huenda tukaikosa. Ukiitwa sisi hatujafika, waombe watungojee kidogo.

Mjomba wako,
Swalehe