Kona Niliyomficha Ramadhani

Lushoto, siku ya tisa baada ya mazishi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Tangu upate simu ya kifo cha Ramadhani, najua hata uji haupiti kooni. Jitahidi kula, Mama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Shemeji Iddi, wewe unayemsomea, nakuomba usiruke neno kwa kumhurumia.

Huku watu wanasema mdogo wangu aliiendesha pikipiki kwa haraka. Waongo! Mzee mmoja anayetengeneza barabara ya Mlalo alimwona. Aliniambia, "Mwanangu, alikuwa anashuka polepole kabisa. Gurudumu la mbele likacheza, mara nikasikia injini inanguruma. Nikashangaa, mbona anaongeza moto?"

Mimi sikushangaa, Mama. Ni mimi niliyemfundisha. Unakumbuka nilivyojifunza pikipiki huko kwetu Singida, kwa yule tajiri wa karanga? Kwenye mchanga, gurudumu likicheza unaongeza moto, pikipiki inanyooka yenyewe. Ukiogopa, unaanguka. Alipokuja kufanya kazi ya utarishi pamoja nami kwa bwana shamba, ilikuwa kiangazi, nikamfundisha hivyo hivyo. Akalishika somo kama dua.

Lakini milima hii si kwetu. Mvua ikinyesha, udongo wake mwekundu unateleza kama mlenda. Hapo unaweka gia ndogo tangu juu, unaiacha injini ikushike, na ukiongeza moto kwenye kona umekwisha. Nilijuaje? Alhamisi nilianguka mimi, kona ile ile aliyokuja kuangukia yeye. Sikuumia. Nikaliosha koti kijitoni kabla ya kufika nyumbani, maana Ramadhani alizoea kuniita fundi, nami niliona aibu anicheke. Jumamosi yeye ndiye aliyetumwa Mlalo na barua. Nilimfungia mkoba mgongoni kwa mikono yangu, na nisiseme kitu. Kitu gani kilinifunga mdomo, Mama?

Nilimkuta hospitali bado anasema. Akanishika mkono. "Kaka, niliongeza moto. Nilikosea wapi?"

Nikamjibu, "Hukukosea, barabara mbaya."

Akafumba macho. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka. Tumemzika hapa, watu wa huku wametusitiri vizuri, Mungu awalipe.

Nisalimie Baba Mdogo Salumu, na Shangazi Mwajuma aliyemlea Ramadhani. Zena, mchumba wake, mwambieni kwamba kitambaa alichokidarizi nimekitunza.

Siku ya safari yetu ulimshika mkono ukautia kwenye wangu, ukasema, "Huyu nakukabidhi." Neno hilo halinitoki. Kazi nimeiacha, pikipiki siigusi tena. Nguo zangu nimezifunga, nakaa nazo mlangoni. Ukitaka kuniona, mwambie Shemeji Iddi aandike neno moja tu, "njoo." Bila neno hilo, sina uso wa kuingia nyumbani kwako peke yangu.

Mwanao uliyemwamini,
Hamisi