Jembe la Pili

Igowole, Jumapili, 11 Machi 1956

Amelipokea! Baba amepokea jembe la posa kutoka kwa watu wa Rujewa, na jembe la akina Yohana liko uvunguni mwa kitanda chake tangu mavuno yaliyopita. Kwetu jembe likipokewa, binti ameshatolewa. Sasa nimetolewa mara mbili.

Nilipotoka kanisani wageni walikuwa wameshaaga. Nikalivuta lile la kwanza, nikaliweka mbele yake pamoja na jipya. "Baba, hili la nani?"

Hakuwa amelewa, leo alikuwa bado hajagusa ulanzi. "Nililinunua juzi na mama yako," akasema, akaeleza hata mvua iliyowanyeshea njiani. Mama tulimzika mwaka juzi!

Angekuwa anadanganya ningejua la kumwambia. Lakini anaamini. Pombe imemla kichwa, na shangazi ananiambia eti nivumilie, ni uzee huo. Uzee gani? Kaka yake mkubwa bado analima mlimani na anakumbuka kila kitu.

Nani atarudisha jembe Rujewa na kuomba radhi? Mimi siwezi, binti harudishi posa yake mwenyewe. Baba nikimtuma, kabla hajafika barabarani atakuwa... Na Yohana nimweleze nini?

Jioni nilimpelekea ugali bila hata kumsalimia. Majembe yote mawili yalikuwa bado miguuni pake. Akanitazama nilivyonuna, akanishika mkono kwa upole.

"Usinune, mwanangu," akasema. "Na wewe siku moja watakuja kukuposa."