Nafasi ya Mwanarehema

Mtongwe, Likoni
9 Machi 1986

Kwa ndugu yangu Ishaka,

Assalaam alaykum. Kwanza nakujulia hali, nikitumai huko Jeddah u mzima na lile goti lako limepoa. Huku sote tu wazima kwa rehema za Mungu. Mwanao Mwanarehema hana homa wala kikohozi. Chakula tu ndicho hakimpiti kooni, na sababu yake ni wewe.

Ishaka, nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukasema dada amekuzungusha kwa maneno. Barua yako ya mwezi uliopita hukuniletea mimi, niliyemlea mtoto tangu ana miaka sita mamake alipofariki. Ukampelekea binamu yetu Rashid, naye akaja nayo mkononi kama askari wa kanjo aliyekuja kunihamisha nyumba. Akaketi kibarazani kwangu, akanywa chai yangu vikombe viwili, kisha akanisomea kwamba mtoto asiende kidato cha tano katika hilo darasa la historia, fasihi na Kiswahili, kwani hayo ni masomo ya waliokosa akili za hesabu. Kwamba hadithi hazimlishi mtu. Kwamba aandike mwenyewe barua ya kukataa nafasi, arudie kidato cha nne, apate sayansi, awe nesi. Alipomaliza akaniuliza kama hakuna mahamri.

Kusema kweli, mwanzo nami nilikuwa upande wako. Kazi ya nesi naijua. Mtu wa fasihi sikujua hata hukaa ofisi gani. Nikavaa buibui langu, nikavuka feri mpaka shuleni kwake kumgombeza mwalimu wao, Bi Margret, mtu wa Rabai, maana nilisikia ndiye aliyemsaidia mtoto kujaza fomu. Nikamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba amempoteza mtoto wa watu. Hakuchukia. Alinipa kiti, akanieleza kuwa darasa hilo liko katika shule moja ya bweni, huchukua wasichana ishirini tu, na kutoka shule yao amechaguliwa Mwanarehema peke yake. Hesabu hakuanguka, alisema, alipata alama nzuri tu. Alichagua mwenyewe. Kisha akaniuliza mtoto huyu hufanya nini nyumbani asipotumwa na mtu.

Jibu nilikuwa nalo, ila niliona aibu kulitamka. Nikaaga, nikarudi zangu.

Nyumbani nikamkuta ameshaiandika ile barua ya kukataa, kama ulivyoamuru. Ameikunja vizuri, ameiweka mezani pamoja na stempu, naye yuko uani anafua nguo zangu. Hakulia. Heri angelia, wallahi. Nilimwuliza kama kweli anataka kukataa, akanijibu kwamba baba ameshasema. Hapo ndipo hasira zangu zilipomtoka Bi Margret zikakugeukia wewe.

Sasa nisikilize, maana jibu nililomficha Bi Margret ndilo hili, na sijapata kumwambia mtu. Umeshaona barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, zile tulizofunzwa chuoni tukiwa wadogo, na mistari inapanda na kushuka. Huu ndio mwandiko wangu. Sina mwingine. Zile barua nzuri za miaka minne, ulizosema unawasomea wenzako wa chumba kimoja nao wanaomba uzirudie, si zangu. Wewe ulidhani mtoto anashika kalamu tu, mimi nasema naye anaandika. La. Mimi nilikuwa nakoroga sufuria yangu huku namwambia, mwambie babako mvua imenyesha na ukuta wa choo umeanguka, basi. Yaliyobaki aliyatoa yeye.

Na ile ya msiba wa mama yetu. Ile uliyoniambia kwamba ulikuwa hulali kwa kukosa kumzika, mpaka ulipoisoma ukaona kama na wewe umeshika jeneza. Mimi nilimwambia hivi: mwambie bibi amefariki, tumemzika Alhamisi. Maneno hayo tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikaa na kalamu tangu alasiri hadi magharibi. Sifa zako zilipokuja nikazila peke yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea barua zako, kwa hiyo alizisikia zote, na hata siku moja hakusema ni zake. Huyo ndiye unayesema amekosa akili!

Barua ya kukataa nimeitia jikoni, imeungua. Fomu ya mzazi nimetia sahihi mimi, na Bi Margret amesema yatosha. Alhamisi nampeleka mwenyewe. Ukiwa na hasira zilete kwangu, usizipitishe kwa Rashid. Na ukitaka kumwomba mtu radhi, mwombe mwanao, na juu ya bahasha uandike jina lake. Miaka yote minne amekuandikia, na hajapata kutoka kwako hata karatasi moja iliyo yake.

Jirani yetu Dhahabu na wanawe wanakusalimu sana. Mwanarehema naye anakusalimu. Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akafikiri kidogo, akasema nikwambie tu hajambo.

Ni mimi dadako,
Mwanasaumu