Video Anayoitaka Ami Khalfan

Mama yangu,

Shikamoo. Nakushika miguu yote miwili kutoka huku Austria kwenye baridi. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwambia dada Zuwena akununulie Nizwa umeipaka, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyengine? Mie mzima, alhamdulillahi, isipokuwa moyo. Moyo umenijaa mpaka hapa kooni, na leo nautapika, uniwie radhi.

Nimekuandikia kwa karatasi makusudi. Kwa simu, nikifungua mdomo tu wewe utalia, nami nitanyamaza, na mara hii sitaki kunyamaza. Kiswahili nacho nimekiandika makusudi. Wale vijana wa grupu la ukoo la WhatsApp wanakisikia juu juu, kukisoma hawawezi, kwa hivyo hata wakiipiga picha barua hii watabaki wanakodoa macho. Nimempa mama mmoja wa Maskati aliyekuja kutalii na mumewe, atakuletea mkononi Ibra.

Basi nisikilize, maana hakuna hata mmoja aliyenisikiliza.

Unajua kampuni imenileta kujifunza telefriki, vile vigari vinavyopandishwa mlimani kwa waya, ati ipo siku na huko kwetu Omani, mlimani Jabal Akhdar, vitawekwa. Mji wenyewe ni wa kale, nyumba chini mawe juu mbao, vichochoro vyembamba ungefikiri uko mitaa ya zamani ya Ibra. Mababu zao walichimba chumvi. Sasa wanaishi kwa watalii wa theluji, watu wazima na akili zao wanaojifunga mbao miguuni wakajiachia mlimani. Ilipokaribia Krismasi, Markus, mkuu wetu wa zamu, alikuwa anakuna kichwa nani abaki kazini. Nikamwambia nitabaki mie, nyinyi nendeni kwa watoto wenu. Si ndivyo wanavyotufanyia wale manesi wa Kihindi wa spitali siku ya Idi, sisi tukakaa tunakula nyama ya shuwa nafsi zimetulia? Nimefanya kosa gani hapo?

Siku moja kabla ya Krismasi, alasiri, upepo ukaanza. Nikashuka na kigari cha mwisho, mie na bibi mmoja, Bi Anna, aliyempelekea mwanawe chakula kwenye mkahawa wa juu. Katikati ya njia telefriki ikasimama. Chini bonde, huoni mwisho. Kigari kinayumba, kitasa cha mlango kikafyatuka, kila upepo ukija mlango unafunguka. Nikaushika. Glavu ikachukuliwa na upepo, nikaendelea kuushika kwa mkono mtupu, chuma kimeganda, ngozi ikanasa pale pale. Mama, nilitoa shahada. Niliitoa kwa sauti, mara ngapi sijui, nalia kama mtoto mchanga. Bi Anna hakujua nasema nini, lakini alinikamata kiuno kwa mikono miwili nisitoke nje, naye akawa anaomba yake. Tulikaa hivyo mpaka kiza kinaanza kuingia, ndipo Markus na wenzake, walioacha sherehe zao majumbani, wakaturudisha kwa mashine ya dharura.

Kufika chini, theluji imeporomoka, njia ya kwangu imefungwa. Wakuu wa mji wakaamrisha watu wa upande ule wote wapelekwe kanisani, kwa kuwa ndilo jengo la mawe lililo juu kwenye mwamba. Umeme hakuna. Daktari akanifunga bendeji mkono wa kulia, mshumaa nimeushika mwenyewe kwa kushoto ili aone anachofanya. Hakuna aliyeniambia nisali sala yao. Tena Markus alinitafutia pembe nikasali magharibi yangu, akasimama mbele watu wasinipitie. Supu ilikuwa ya nguruwe, sikuigusa. Bi Anna akanigawia mkate na jibini.

Nikakumbuka kwamba habari zitafika huko na wewe presha itakupanda. Nikamwomba Markus anipige picha, nikakutumia wewe peke yako, nikaandika, "Mama, nipo salama, alhamdulillahi." Wewe kwa furaha ukaitia kwenye grupu. Hapo sikulaumu.

Ami Khalfan akaikuza ile picha. Huyo huyo asiyeona kusoma bei ya mbuzi sokoni Sinaw mpaka asomewe! Akauona mshumaa, akauona msalaba ukutani nyuma, akaiona kofia nyekundu. Kofia nyekundu, mama! Ya kazini ile, tumepewa sote, nyekundu ili ukifukiwa na theluji uonekane. Yeye kaandika, "Mtoto wa marehemu ndugu yangu kaingia Unasara. Binti yangu simpi." Bendeji iliyojaa nusu ya picha hakuiona. Na grupu zima likafuata nyuma yake, astaghfirullah, inna lillahi, kama mtu kafa.

Kisha likatoka sharti. Nijirekodi video, uso uonekane, kidole juu, nitoe shahada, iingizwe kwenye grupu kila mtu ashuhudie. Nisipofanya hivyo mpaka mwisho wa mwezi huu, uchumba wangu na Rayya binti yake umekwisha. Kidole juu! Kidole chenyewe kimefungwa bendeji, na hicho kidogo cha pembeni daktari anasema ncha yake haitapona, itakatwa.

Na huyu anayenipima dini ni nani? Si ndiye mwenye nyumba ya wageni kule Jabal Akhdar? Nenda leo kaangalie mapokezi, utaukuta mti wa Krismasi umewashwa taa, na Ami mwenyewe kapiga picha mbele yake amekumbatiana na watalii wa Kijerumani. Mwaka jana alinitumia, akaandika, "Biashara." Yake biashara, yangu ukafiri. Lo!

Lakini Ami simshangai, nimemzoea. Wewe ndiye uliyenikata maini, mama. Uliandika mbele ya watu wote, "Mniwie radhi, nitamsemesha." Radhi ya nini? Nimekutia aibu gani? Halafu ukanitumia sauti, unanong'ona kama unayejificha jikoni, "Nasser babangu, fanya tu, dakika moja, yaishe." Nimeisikiliza sauti ile mpaka nimeichoka. Hukusema hujayaamini maneno ya Ami. Hukusema umeyaamini. Nimekasirika na wewe, na kukasirika na wewe sijui kunakaaje, maana sijawahi. Silali vizuri, kazini namfokea kila mtu, hata Markus juzi kaniuliza kwani kakosa nini.

Sasa sikia la jana. Rayya kanipigia kutoka skuli anakosomesha Sinaw, wakati wa mapumziko, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Neno la kwanza, hata salamu bado, "Mkono unauma?" Katika ukoo mzima ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia unauma.

"Video umeituma?"

"Bado."

"Ukiituma, mie sikutaki."

Nikamwambia, "Rayya, unasema nini?"

"Nasema ulivyosikia. Wakishaipata yako, kesho watataka yangu. Kila nikichelewa njiani kutoka Sinaw nitaambiwa nirekodi. Miaka yote hiyo nitaishi vipi? Baba nitamjibu mwenyewe. Wewe usitume tu." Kengele ikalia, akakata.

Kwa hivyo situmi, mama. Khalas. Shahada yangu nimeitoa pale kwenye waya, na aliyetakiwa kuisikia kaisikia.

Nataka kitu kimoja kwako. Vaa buibui lako, mwambie Zuwena akutie kwenye gari akupeleke kwa Ami Khalfan. Usimtume mtu, usiandike kwenye grupu. Ingia sebuleni kwake, kahawa usinywe, na umwambie mbele ya mkewe na wanawe, "Mwanangu namjua." Basi. Usiombe radhi, usilie, usieleze habari za kofia. Ukilisema hilo, Rayya atalisema lake, na Ami hana pa kutokea. Usipolisema, mie nitamuoa Rayya hivyo hivyo inshallah, lakini nitakuja harusini kama mgeni, na wewe utaliona hilo usoni mwangu mpaka tuzikane. Nimesema kwa uchungu, na sifuti.

Nisalimie Zuwena, dada yangu, mwambie asiendeshe kwa fujo na wewe ndani. Nisalimie shangazi aliyeninyonyesha ulipokuwa unaumwa. Nisalimie bibi jirani wa ukuta wa mashariki, mwambie tende zake bado ninazo, Bi Anna kazipenda. Nisalimie imamu wa msikiti wetu, ambaye nasikia hakuandika neno, Mungu amzidishie. Ami Khalfan naye msalimie, ami ni ami. Salamu zangu zote mpe. Video hapati.

Mwanao unayemjua,

Nasser