Sauti ya Baba Kwenye Kompyuta

Kaka yangu,

Salamu zitafuata, kwanza nikulalamikie. Hii kompyuta uliyotuachia, yenye mfumo wako wa Linux, imenitoa jasho. Nataka kuweka programu ya kusoma maandishi kwa sauti, inaniambia kuna programu nyingine inakosekana. Nikiweka hiyo, nayo inadai ya tatu. Ya tatu inagoma, eti mfumo umezeeka. Nimeandika amri mpaka vidole vimekufa ganzi. Mama akachungulia mlangoni: "Mwanangu, unagombana na nani humo?"

Simu zetu hupokei tangu ugombane na Baba, ndiyo maana hujui. Baba alipasuliwa koo. Kidonda kimepona, ila sauti haitarudi tena.

Leo mchana nimesasisha mfumo mzima, nikajaribu tena kwa hasira, ikakubali. Nikamsogezea Baba kibodi. Alidonoa herufi mojamoja, sisi tumekodoa macho. Kompyuta ikasema, kwa sauti kavu kama ya mtangazaji aliyechoka: "Mwambieni mkubwa wenu hasira zangu zimekwisha. Aje tu."

Mama akajifuta macho kwa kanga. Baba akabonyeza tena, akidhani hatukusikia.

Tulisikia, kaka.

Ni mimi mdogo wako, nakusubiri.